Matuta Kwenye Kitalu Namba Nne

Jumatatu, 12 Februari 1996

Daftari jipya. La zamani limejaa mpaka kwenye jalada. Mvua tangu alfajiri, lakini koti langu la mitumba limehimili — koti la mtu mnene kweli kweli, linafika magotini na mikono nakunja mara mbili. Baridi ya Sumbawanga imeshindwa. Niko vizuri!

Kazini bango limefika. Jekundu, refu kama mlango, limepigiliwa getini: ENEO LA UTAFITI WA MIFUGO. MARUFUKU KUINGIA BILA KIBALI CHA MAANDISHI. Wilibrodi mlinzi amelisoma kwa sauti mara tatu utadhani amelitunga yeye.

Halafu Meneja mpya, Bwana Valerian, akatuita wote kwenye banda la kupimia ng'ombe. Wote — yaani tisa. Mwaka juzi tulikuwa thelathini na mmoja, kabla ya kupunguzwa. Sasa Kituo nusu ni cha serikali, nusu cha kampuni ya maziwa, na sisi tisa ni wa nani sijui. Akatusomea sheria ndogo mpya. Kuingia bila kibali ni kosa. Kupiga picha wanyama ni kosa. Na mtumishi atakayemruhusu mtu, au kumpa habari za ndani, kosa lake sawa na la aliyeingia, na kazi hana. Tukasaini karatasi. Yote haya kwa sababu ya ile picha ya mwaka jana gazetini — ndama wetu waliokonda. Hawakukondeshwa kwa ukatili, jamani, ni kundi linalolishwa majani makavu matupu ili tulinganishe na wenzao! Ila picha haielezi hayo.

Nimesaini. Sasa najiuliza kama daftari hili nalo ni kosa. Mh! Nitalificha chini ya vitenge.

Jumamosi, 17 Februari

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Kija, yule Msukuma jirani wa upande wa mtoni, ng'ombe wake wamepita chini ya waya wakaingia kunywa maji kwenye birika letu. Wilibrodi kamleta ofisini, kifua mbele. Meneja hayupo, nikabaki mimi. Nikamweleza Kija kwamba siku hizi ni lazima kibali. Akasema sawa, hana ubishi na serikali, niandike basi. Akaanza kunitajia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Ishirini na watatu! Mwenye pembe iliyopinda, mama yake, dada yake... Nikamwambia kibali ni cha watu. Akashangaa kweli: yeye hakuingia, walioingia ni wao.

Tumemwachia kwa onyo. Akaniletea maziwa ya mgando jioni. Mazito, kijiko kinasimama.

Jumapili, 18 Februari

Misa ya kwanza, halafu nyumbani. Mume wangu Zenon yuko Kasesya na lori la tajiri yake, wamekwama forodhani siku ya tatu. Mwanetu Yonas kaenda kucheza mpira. Tumebaki mimi na Mama.

Mama mkwe wangu, Bi Bertilla, ana miaka sitini na kitu na analima kuliko vijana wawili. Nimekaa naye hapa Malangali miaka kumi na moja na kila siku ya Mungu ananitania. Mimi ni mtoto wa Chanji, baba yangu alikuwa muuza duka, jembe nimelijulia ukubwani. Kwa Mama mimi ni "mtu wa karatasi". Leo alikuwa na wenzake wa jumuiya, Coleta na Albina, akawaambia: mke wa mwanangu anapima majani kwa rula! Ng'ombe wamepewa meno, yeye kapewa rula! Wakacheka mpaka Coleta akapaliwa togwa.

Sina kinyongo. Kwani uongo? Ndiyo kazi yangu. Kila wiki, kitalu baada ya kitalu, urefu, rangi, vichipukizi vingapi. Nikawaeleza tu, ili nami nionekane mtu: namba moja mpaka tatu tunakata, namba nne kimepumzika, hakuna atakayekigusa mpaka mwakani.

Mama akauliza kimepumzika tangu lini. Nikasema mwaka wa tatu huu. Akauliza majani yake marefu? Nikamwonyesha, mpaka hapa kifuani. Akasema, "Mh. Mwaka wa tatu." Akaendelea kuchambua mboga.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka kubwa, mpaka puani.

Meneja amenituma Laela wiki ijayo, kupima ng'ombe wa wafugaji wa huko. Siku nne. Napenda safari! Nitakula samaki wa ziwa la huko bondeni wakipatikana.

Alhamisi, 29 Februari

Tarehe hii inakuja mara moja kwa miaka minne. Afadhali ingebaki huko ilikokuwa.

Nimerudi saa nne, nikapitia Kituoni kuweka mizani. Wilibrodi ananipokea kwa furaha — hongereni, mmefanya kazi nzuri, na wale wamama wanajituma kweli, siku tatu tu! Wamama gani? Wale mliowaajiri. Wenye majembe.

Nikakimbia. Na koti lile zito, nakimbia.

Kitalu namba nne hakipo. Yaani kipo, ila majani hayapo. Badala yake matuta. Matuta yetu ya Kifipa, ya mviringo, yale wanayoita ntumba: unalaza majani, unapindua udongo na mizizi yake juu yake, majani yanabaki tumboni yanaoza. Mistari imenyooka kama uzi. Nimeyahesabu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mia mbili na kumi na nne. Na kwenye kila tuta maharage yameshafukiwa.

Miaka mitatu ya rula yangu iko chini ya udongo. Nimekaa juu ya tuta nikalia. Nasema kweli, nimelia. Mbegu ile ilitoka nje, ilikuja kwa ndege, gramu mia nane. Nimeijua ikiwa kama nywele za mtoto.

Nilijua ni nani kabla hata sijauliza. Hakuna mwingine anayemalizia tuta kwa kulipiga mgongo wa jembe mara mbili. Alama zilikuwapo.

Ijumaa, 1 Machi

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa na furaha! Kaniwekea maji ya moto. Kaniambia: Mama Yonas, shamba tumekulimia, mimi na Coleta na Albina na wengine wawili. Nikamwuliza kwa nini, Mama, kwa nini? Akanishangaa. Si nilisema mwenyewe kimepumzika mwaka wa tatu? Nyasi za miaka mitatu, mvua inakaribia kuisha, na mwenyewe hana mpango — hapo mtu unasubiri nini? Ndiyo siku yake ya kupindua! Kwao huku nyasi zikishapumzika ni za jembe, na anayetangulia kuweka tuta ndiye mwenye shamba. Wao wakaona wanitangulize mimi. Eti mtu wa karatasi naye awe na maharage yake.

Jamani. Walinilimia mimi!

Na bango? Bango wameliona. Mama anasema Wilibrodi alifungua geti mwenyewe, wakaamkiana, akawauliza habari za nyumbani. Ingekuwa marufuku angefungua? Naye Wilibrodi alivyoona majembe na magunia ya mbegu akajua ni vibarua wa Meneja. Nani anaingia kuiba kwa kulima?

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi.

Jumatatu, 4 Machi

Meneja karudi. Nilikwenda naye mwenyewe mpaka kitaluni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alizunguka pande zote nne. Halafu akachuchumaa, akaingiza mkono ndani ya tuta, akautoa haraka. Kuna joto humu, alisema. Nikamwambia majani yanaoza, Bwana Meneja, ndiyo mbolea yenyewe. Akaingiza tena. Alikaa hivyo muda mrefu, mtu mzima na suruali ya kupiga pasi.

Kisha akauliza nani. Kabla sijafungua mdomo Wilibrodi akataja: mmoja anamjua, Bi Bertilla wa Malangali, anauza ulezi sokoni. Hakusema ni mama mkwe wangu. Sijui hakujua, au alinihurumia.

Meneja anasema hana chuki na bibi mkulima. Ila kampuni itauliza, na sheria haina hata mwezi tangu itangazwe, akiiachia leo kesho watalima mpaka ofisini. Amekwenda polisi.

Nikamwambia ni mama wa mume wangu. Nilisema hilo tu. Jinsi alivyojua kwamba kitalu kimepumzika, sikusema.

Jumatano, 6 Machi

Polisi walikuja asubuhi, wawili, wapole. Mmoja alimwamkia Mama shikamoo kabla ya kumwambia yuko chini ya ulinzi. Mama akawapa viti. Wakamwandikia dhamana, mwenyekiti wa mtaa kamdhamini, ikaisha kabla chai haijapoa. Walimuuliza waliokuwa naye. Mama akasema alikuwa peke yake. Matuta mia mbili na kumi na nne, siku tatu, peke yake! Polisi mkubwa akaangalia mikono yake, akaandika.

Coleta na Albina wamekuja jioni wanataka wajitaje. Mama amewafukuza. Nimewasikia wanabishana nyuma ya nyumba kwa Kifipa, wanacheka hapo hapo wanabishana.

Jumapili, 10 Machi

Zenon amerudi! Mzima, mchafu, na mkungu wa ndizi. Nimefurahi nisiseme. Nimempikia kuku. Tumekaa wote mezani kama sikukuu na kwa saa nzima hakuna aliyetaja kesi.

Baadaye nimemweleza yote. Na lile ambalo sijamwambia mtu: kwamba ni mimi niliyesema kimepumzika, kwamba karatasi niliyosaini inasema mtoa habari ana kosa lile lile, na kazi hana. Zenon akasema nyamaza tu. Mama ni mzee, watamwonya, basi. Wewe wakikutoa, Yonas anasomaje, na lori lenyewe mwezi huu lipo mwezi ujao halipo.

Ana akili, mume wangu. Lakini baada ya hapo nimeosha vyombo mara mbili.

Jumanne, 12 Machi

Mahakama ya mwanzo. Chumba kidogo, watu wamejaa mpaka madirishani. Kija naye kaja, eti ajifunze sheria kwa niaba ya ng'ombe wake.

Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Hakimu — mtu wa makamo, miwani — kamsomea shitaka, na wazee wa baraza wawili pembeni yake. Kuingia eneo la utafiti bila kibali, kuharibu majaribio. Unakubali au unakataa? Mama akasema kuingia aliingia, kupitia getini, mchana. Kuharibu hajui, labda wamwonyeshe tuta gani limelegea.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza.

Akamwuliza: uliambiwa na nani kwamba eneo lile halina kazi? Mama akajibu, macho yangu. Nani alikuelekeza kitalu kile? Miguu yangu. Akaapa kwa Biblia kabisa. Wakati huo wote hakunitazama hata mara moja, na mimi nilikuwa benchi la pili, ningeweza kumgusa.

Kesi imeahirishwa mpaka tarehe 20. Shahidi wa Kituo ni mimi. Kwa sababu ndimi mtunza kumbukumbu za kitalu.

Ijumaa, 15 Machi

Maharage yameota. Nimekwenda na rula, mazoea tu. Majani mawili mawili, yamenyooka. Hakuna tuta hata moja lililokosa.

Meneja kanikuta pale. Nilidhani atanifokea. Akauliza haya huvunwa lini. Nikamwambia Juni, na mwaka unaofuata matuta yanatawanywa, unapandwa ulezi. Akauliza tena: na bila mbolea ya dukani? Bila. Akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja. Halafu akakumbuka yeye ni Meneja, akaniambia Jumatano niseme nilichokiona tu: kitalu kilikuwa na nini kabla, na kina nini sasa. Nisiongeze.

Mtu mzuri, maskini. Angekuwa mbaya ningejua pa kushika.

Jumanne, 19 Machi

Sijalala vizuri siku ya pili. Leo nikiwa napiga pasi blauzi ya mahakamani nimeamua. Sitasema uongo, na sitanyamaza. Mama alinilimia mimi kwa neno nililosema mimi. Wakinifukuza, haya, nitauza maandazi Chanji, si nimezaliwa dukani? Na jembe sasa nimeshalizoea kidogo.

Nilipoamua nikajisikia mwepesi, nikaimba. Yonas akaniambia Mama, unaimba nje ya tuni. Nimemwambia aende zake.

Kwa Mama sikusema. Kwa Zenon sikusema.

Jumatano, 20 Machi

Saa kumi na mbili jioni. Naandika upesi kabla hawajaniita kula.

Nilisimama kizimbani saa tano. Nikaapa. Hakimu akauliza kitalu kilikuwa na nini, nikasema majani ya mbegu ya nje, mwaka wa tatu. Sasa kina nini, nikasema matuta na maharage. Meneja akaitikia kwa kichwa, vizuri. Hakimu akasema unaweza kushuka. Sikushuka. Nikasema, Mheshimiwa, kuna jingine. Habari za kitalu kile nilizitoa mimi, mezani nyumbani kwangu, Jumapili tarehe 18 Februari. Nilisema hakuna atakayekigusa. Mama mkwe wangu akaelewa kama watu wa hapa wanavyoelewa nyasi zilizopumzika. Kama kuna mwenye kosa nianze mimi.

Mtu alikohoa dirishani. Sikumtazama Meneja, nilitazama mikono yangu.

Hakimu akavua miwani. Akamgeukia Mama: mshitakiwa, umesikia. Ni kweli?

Mama akasimama. Akarekebisha kitenge chake taratibu. Akasema, "Si kweli, Mheshimiwa. Huyu mtoto anadanganya. Hajawahi kuniambia habari ya kazini hata siku moja, tangu nimfahamu. Anadanganya kwa sababu ananipenda."

Mbele ya watu wote! Mama, ambaye miaka kumi na moja...

Nikasema, Mheshimiwa, yeye ndiye anayedanganya! Mama akamwambia hakimu aniangalie, alishawahi kuona mkamwana anaacha mshahara? Hana akili timamu leo, labda ni kufunga. Mzee mmoja wa baraza akaziba mdomo kwa kofia. Kija alicheka wazi wazi akatolewa nje. Hakimu yeye hakucheka. Akasema wote wawili tumeapa kwa Biblia moja, na haiwezekani wote tumesema kweli. Jumatatu turudi. Kila mmoja ataulizwa mara moja ya mwisho. Atakayeonekana ameidanganya mahakama atafunguliwa kesi yake, na hiyo si ya maharage.

Meneja alitoka bila kuniambia lolote. Mlangoni alisimama kidogo, akampa Mama mkono wa kushukia ngazi, halafu akaondoka. Kazi ninayo au sina? Sijui. Kesho nitakwenda kama kawaida, nione kama Wilibrodi atafungua.

Tumerudi kwa miguu. Njia nzima tumegombana, yeye ananiita mjinga, mimi namwita mkaidi, na wakati huo huo kanishika mkono kwa sababu ya tope. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha hata sijui niiweke wapi. Nikamwambia akishikilia maneno yake nitaonekana mwongo mimi. Nikishikilia yangu, ni yeye. Hatoki mtu hapo! Akasema basi mimi nilegeze, yeye ni mzee, jela watampa uji. Nikasema silegezi. Akasema hata yeye.

Sasa hivi yuko jikoni, kakaa kwenye kigoda, anachambua ulezi. Nimemwuliza tena, polepole: Mama, uliapa. Na ni Kwaresima! Akasema analijua hilo, ataungama, Padri anaungamisha Jumamosi.

Nikamwuliza ataungama nini, kulima au kudanganya.

Kanitazama kama nimemwuliza jina lake. "Kudanganya. Kulima kuna dhambi gani?"

Jumamosi kwa Padri, Jumatatu kwa hakimu. Ananiita. Anasema nilete chumvi, na niache kuandika andika.